Ncha Mbili za Ekseli

Shemeji yangu, mume wa dada, ana gereji barabarani na maneno mengi. Siku pikapu yangu ilipovutwa kwa kamba hadi nyumbani Bigwa, alisema mbele ya watu, "Shemeji, diploma ni ya kutundika ukutani. Ganda la ekseli haliungwi uani. Ukiliunga wewe, gari litatembea kama bata."

Walicheka. Nikawaacha. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam baada ya miaka tisa ya viwandani, na pikapu ile, niliyoinunua kwa jasho langu, ndiyo iliyonilisha kwa kubeba ndizi za Mkuyuni. Bila hiyo ningerudi Dar kuomba kazi upya, na nilishaapa sirudi.

Beringi za magurudumu ya nyuma zilikuwa zimeungua, zikazitafuna ncha zote mbili za ganda, yaani lile bomba nene linalofunika ekseli. Ganda zima la kubadilisha sikulipata mjini. Nilipata moja la gari kama langu, limepinda katikati lakini ncha zake nzima. Wengine waliona chuma chakavu. Mimi niliona dawa: nikate ncha zangu mbovu, nichomelee hizi.

Akili ilikuwa yangu, vifaa niliazima. Shemeji alinipa mashine ya kuchomelea, nadhani ili apate cha kusimulia. Fundi mmoja wa kukereza chuma aliniazima nondo nene ya mviringo, iliyonyooka kabisa, na visahani vinne vyenye tundu katikati. Mama aliniazima turubai lake la kuanikia mpunga, nikalifunga juu liwe kivuli.

Visahani viwili vinakaa katikati ya ganda, viwili kwenye ncha mpya, na nondo inapita katika vyote. Ikizunguka kwa mkono bila kukwama, ncha zimenyooka. Ikigoma, umeharibu. Hicho ndicho kipimo, na hakina upendeleo.

Ncha ya kwanza niliishikiza kwa madoa matatu ya moto, nikajisifu, kisha nikaona matundu ya bolti za breki yametazama chini badala ya nyuma. Haraka zangu. Nikakata madoa kwa grenda kabla hajatokea mtu, nikaanza upya.

Shemeji alifika asubuhi ya kuchomelea kwenyewe, anatafuna muwa. Kila nilipogusa chuma, taa za jirani zilififia. "We kaka!" akapaza sauti mama jirani toka ng'ambo ya ua. "Friji langu litakufa!"

"Vumilia, mama, mhandisi yuko kazini," shemeji akamjibu.

Nilichomelea vipande vifupi, kila kimoja nikizungusha nondo. Baada ya kipande cha tatu ikagoma. Nilisukuma kwa mikono miwili. Haikutikisika.

"Imekwama, eti?" shemeji akauliza, mdomo umejaa muwa. "Bata huyo anakuja."

Jasho lilinitoka, sikatai. Lakini darasani sikwenda kulala. Sehemu iliyochomelewa ikipoa husinyaa, na hulivuta bomba upande wake. Kwa hiyo sikukata kitu. Nilichomelea kipande kingine upande wa pili, urefu uleule, nikaketi kwenye ndoo na kungoja. Kilipopoa niliweka kidole kimoja kwenye nondo. Ikazunguka.

Shemeji alitema makapi ya muwa, akazungusha mwenyewe, mara mbili. "Endelea," akasema. Sikumsikia akicheka tena siku ile.

Wiki iliyofuata nilishuka kutoka Mkuyuni na ndizi hadi juu ya bodi. Nilisimama mara tatu kugusa magurudumu ya nyuma. Hayakuwa hata na joto la chai iliyosahauliwa.

Ndipo nikawalipa wote walioniazima, siku moja. Nondo na visahani nilivirudisha kwa fundi vimepakwa grisi, na mkungu wa ndizi juu yake. Shemeji nilimrudishia mashine ikiwa na waya mpya. "Nina ganda jingine kwangu," akasema, akitazama pembeni. "Pita ulione."

Mama nilimpelekea turubai jipya. "Shikamoo mama, la zamani nimelitoboa kwa cheche, nilitupe?"

"Marahaba. Lilete hapa," akasema. Alilikunjua uani, matundu yote juu. "Nitaanikia hili. Nataka wageni waulize limetobolewa na nini."