Viatu vya Kukulia

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya viatu vya hariri visivyozidi kiganja, na papo hapo nikasikia tena harufu ya plastiki mpya.

Nilipokuwa mdogo, mama alinipeleka Makambako kutoka Kifanya kuninunulia viatu vya shule, katika duka la mwanamke mmoja Mchina. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na viatu kama hivyo, vyekundu, vimedariziwa maua.

"Vya mtoto wako, dada?" mama aliuliza.

"Vya bibi yangu. Alivaa mpaka uzeeni."

Mama alininong'oneza kwa Kibena kwamba huyu ni mwongo, kuna mtoto amemficha. Nikatega sikio kwenye pazia la nyuma. Kitu kilikwaruza, nami nikawa na hakika ndiye. Mwenye duka aliposhika mguu wangu aupime, niliuchomoa.

Mama alichagua viatu vikubwa kupita kiasi, kama siku zote, akasokomeza gazeti kwenye ncha. "Utavikulia," aliniambia. Mwanamke yule alimtazama, machozi yakamlengalenga.

Tulipotoka, mama aliharakisha hatua. "Analia nini, kama hana anachoficha?"

Nilimwamini miaka yote hiyo. Lakini chini ya picha ile ya kwenye simu palikuwa na maelezo. Zamani huko Uchina wasichana walifungwa miguu kwa vitambaa, vidole vikakunjwa chini ya unyayo, ili mguu usikue. Na aliyekaza kitambaa, mara nyingi, alikuwa mama mzazi.