Donge Lililotupwa Tanurini

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka vinyweleo hunisimama. Nilikuwa msichana mbichi kutoka Voi, nimekuja hapa Doha kumtunza Bibi Salma, ajuza wa Kiyemeni aliyeishi mtaa wa Al Mansoura na mjukuu wake, Huda. Kila akikanda mkate, Bibi alimega donge la unga, akalitupa tanurini na kunong'ona maneno nisiyoyasikia. Donge lililia fiii hadi likawa kaa. Mie nikaamini ni uchawi, nikawa nalala na Biblia kifuani. Usicheke!

Siku hiyo ilikuja posa ya Huda. Shangazi wa bwana harusi, mama mwenye ulimi wa upupu, akachungulia jikoni Bibi alipokuwa akitupa donge.

"Wallahi, hii ni desturi ya Mayahudi! Nyinyi asili yenu ni ipi?"

Huda akasawijika. Alimpenda yule kijana, na posa ilikuwa inamponyoka tukiona.

Bibi hata hakugeuka. Alisema zama za maimamu waliotawala Yemeni, Mayahudi wa huko walikuwa majirani zao. Walilipa kodi yao, wakalindwa, wakafua fedha. Mtawala mmoja aliwastahi, mwingine aliwafukuza. Kuna wasemao walitoka Yerusalemu, na kuna wasemao ni Waarabu wa palepale waliomfuata mfalme wao alipoingia Uyahudi. Wapo pia waliosilimu.

"Mama yangu alifanya hivi, na mama yake pia. Kama tuliiga kwa jirani au tulirithi kwa damu, sijui. Wenye kujua wamo kaburini. Lakini wewe, binti yangu, umeijuaje?"

Shangazi akasogea hadi kwenye tanuri. Nilimwona kwa macho yangu: mkono wake ukaenda kwenye unga, ukamega donge, ukalitupa motoni. Midomo yake ikanong'ona pamoja na ya Bibi, neno kwa neno. Niliogopa mpaka meno yakagongana.

Posa ikapokelewa jioni ile.

Basi mwanangu, jana nilikusikia ukimkejeli mwenzako, eti kwao hasa ni wapi. Nyani haoni kundule. Usichimbe asili ya mtu ili umwaibishe, maana hujui utakayemfukua ni wa nani. Mungu akustiri ugenini, akupe majirani wema, na waliokutangulia walale salama.