Ploti ya Mama na Mtihani wa Mbarara

Nyinyi mliosoma kambini Nakivale enzi za ubao uliopasuka katikati, njooni tukae. Hawa wa leo waacheni na simu zao. Sisi fasihi ya Kiingereza tuliisoma kwa kupiga kelele, darasa zima, mpaka mbuzi wa jirani nao nadhani walikariri. Tulikuwa watoto wa Kivu ya Kusini, tumetoka Fizi na Uvira na Kifaransa kidogo mdomoni, tukafika Uganda tukaambiwa kila kitu kinaanza upya kwa Kiingereza. Haya, tukaanza upya.

Mwalimu wetu alikuwa Mnyankole wa Mbarara, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Tulimwita Ticha Aironi, maana neno hilo alilipenda kuliko chakula. Mvua ikinyesha siku aliyofua, aironi. Chaki ikivunjika, aironi. Kumbe ni kinaya kwa Kiingereza, lakini kwa muda mrefu mimi nilidhani ni neno la Kinyankole la kupeana pole. Mjomba alipofiwa na ng'ombe wake kule Endiinzi, nilimshika mkono nikamwambia, "Aironi sana, mjomba." Akanishukuru.

Siku tuliyofika kwenye simile, ile tashbihi ya Waingereza, rafiki yangu Furaha alinyoosha mkono huku akijiamini. Furaha alikuwa amepitia kambi za Tanzania kabla ya kuja kwetu. "Ticha, simile ni ile batu banasema bakibeba muzigo: simile, simile! Njo unatoka mu njia." Darasa zima likamwunga mkono, na mmoja akasimama kuonyesha jinsi ya kusukuma mkokoteni. Ticha akashika kichwa. "Nyinyi batu ya Kongo nataka kuua mimi!" Furaha akamwambia kwa heshima zote kwamba hiyo sasa ni haipaboli, yaani chuku. Alipigishwa magoti mpaka kengele ya uji.

Hiyo haipaboli tuliipeleka nyumbani, na hapo ndipo tulipomkosea Mama. Mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kufika Ngarama bila kupanda mlima, na hakuwahi kusema kitu kidogo. "Weye mutoto! Nimekuita mara elfu! Masikio yako ilibakia Uvira?" Mimi na Furaha tunajibu pamoja, "Haipaboli!" Akisema njaa imemuua, haipaboli. Siku moja akaweka mwiko chini, akatutazama. "Huyu Haipaboli ni mutoto wa nani? Kila siku munamuita, haji, na chakula yangu inaisha!" Tulicheka hadi tukaanguka kwenye maganda ya mihogo.

Lakini kicheko kilikuwa na mwisho wake. Shule moja ya Mbarara ilisema itawapokea wale wa kwetu watakaofaulu insha ya fasihi. Nilitaka shule ile kufa na kupona. Nikishindwa, ningebaki na jembe, na shangazi alikwishaanza kuniulizia mchumba kambi jirani ya Oruchinga, mwanamume mwenye pikipiki na meno machache. Kwa hiyo nilikariri kila neno. Nilikuwa nikitwanga sombe, kisamvu chetu, huku nasema aya ya utangulizi, aya ya hoja, aya ya kuhitimisha, mchi nao unaitikia.

Neno moja tu nililikosa. Wenzangu walilisoma nikiwa kitandani na malaria, na siku ya marudio niliuliza, "Ticha, na ploti?" Akafuta ubao bila kugeuka. "Ploti? Hiyo nyinyi yote najua. Tunapita."

Nikaridhika kabisa. Nani Nakivale asiyejua ploti? Ukifika mkimbizi, unapewa ploti yako: hapa nyumba, pale mahindi, kule choo. Nilishangaa kidogo tu kwamba Waingereza nao wanapewa.

Nilifika Mbarara nimekaa juu ya magunia ya mahindi, nimevaa viatu vya Furaha. Karatasi ikagawiwa. Chagua kisa unachokijua vizuri, ueleze ploti yake, ukionyesha mgogoro, kilele na suluhisho. Watoto wa mjini walianza kukuna vichwa, wanatafuta wafalme na majumba. Mimi nilitabasamu. Mgogoro? Ploti yetu ilikuwa nao miaka yote!

Nikaandika. Niliandika kwamba ploti yetu inapakana na ya Baba Zawadi, mzee wa kanisa, na kwamba kati yetu kuna ua wa minyaa. Kila msimu wa mvua minyaa hiyo ilitembea. Leo iko hapa, baada ya mvua iko ndani ya maharagwe yetu, na Baba Zawadi anashangaa kuliko sisi sote: "Ee Mungu, hii miti ya Uganda iko na miguu!" Huo ndio mgogoro. Kilele: Mama alivaa kitenge cha Jumapili, akabeba mafiga, akayapanga kwenye mpaka wa zamani, akaanza kupika sombe na mawese palepale. Harufu ikavuka. Baba Zawadi akavumilia, akaimba nyimbo mbili za kanisa, akashindwa. Suluhisho: aling'oa minyaa kwa mikono yake mwenyewe apate njia ya kuja kula. Nikahitimisha kwa vipimo vya ploti, kutoka mti wa avokado hadi choo.

Matokeo yalipotoka niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu, mama mnene wa Kinyankole, alikuwa na karatasi yangu mkononi na macho mekundu. Nilidhani amelia kwa hasira. Akanieleza taratibu kwamba ploti ya fasihi si kiwanja. Ni jinsi matukio yanavyofuatana, moja likizaa lingine.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilimwona yule wa pikipiki anawasha. Nikaanza kulia, nikamwomba, "Nyabo, nipe karatasi nyingine, niandike tena!"

"Hapana gusa," akasema, akaificha nyuma ya mgongo. "Wewe hapana jua swali, lakini umejibu yote." Halafu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile sombe ilikuwa na karanga.

Ndivyo nilivyoingia shule ya Mbarara. Nilipomsimulia Ticha Aironi, alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ile, akasema neno lake. Mara hiyo nikalielewa.

Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha fasihi hapa Mbarara. Ukiwauliza vijana ploti ni nini, wanabonyeza simu na jibu linakuja safi, hata nukta ziko mahali pake. Ukiwaambia, haya, nisimulieni basi kisa mnachokijua vizuri, wanatazamana. "Ticha, mtandao unasumbua." Furaha yuko nchi ya barafu, ananitumia picha za theluji. Ploti za Nakivale zimekatwa vipande, maana wageni hawaishi kuja, na yetu imebaki kama leso. Nikiikumbuka ilivyokuwa, na moshi wa sombe, na sisi wawili tunamchokoza Mama, moyo unauma, sifichi.

Juzi Mama alinipigia, sauti ileile, nikaisogeza simu mbali na sikio. "Baba Zawadi ameanza tena! Minyaa imetembea mpaka mulangoni! Karibu inalala mu kitanda yangu!"

"Haipaboli, Mama," nikasema.

"Huyo naye umulete," akasema. "Nimeshapika."