Mke wa Seremala Anapanga

Katika lugha zote nilizowahi kuzikosea, sijakuta kitenzi kinachotumikishwa kama kupanga. Watu hupanga vyombo, safari, njama, hata vyumba. Mwenye nyumba wangu, seremala, nusura apate kichaa kwa sababu ya neno hilo.

Mkewe, Mama Miche, huotesha miti nyuma ya karakana. Kitalu chake kimejibana kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, ambao ndio uliomfikia mumewe baada ya babu kuwagawia wanawe, na wanawe nao kuwagawia wana wao. Ukijilaza pale kwa upana, miguu iko kwa shemeji. Kilima kilicho juu yao kimekatwa miti mpaka kikawa kipara, na mvua ikinyesha udongo huteremka hadi mlangoni. Mama Miche huuzoa, akaujaza katika vifuko vyeusi vya plastiki, akaotesha miche, kisha akaurudisha kilimani mgongoni.

"Kushuka umeshuka wenyewe," aliniambia. "Kupanda ndiko kunakotaka mtu."

Wana watoto wanne. Mama mkwe anataka wa tano, wala hafichi.

"Kila mtoto huja na sahani yake," alisema siku moja, akipepeta mchele uani.

"Sahani sawa, mama. Na shamba je?"

"Ulimi huo! Ningekuwa nao mimi, mumeo asingezaliwa."

"Ndiyo maana nashukuru hukuwa nao."

Bibi akacheka mpaka ungo ukayumba. Lakini wa tano alibaki palepale.

Uzazi wa mwisho ulikuwa umemtoa damu nyingi Mama Miche, akaponea chupuchupu. Asubuhi moja akamwambia jirani yake, fundi cherehani, kupitia ua: "Shoga, nimeamua. Kesho nakwenda kupanga." Cherehani ilikuwa inanguruma, na fundi akasikia alichosikia. Kabla ya adhuhuri, seremala alikuwa ameshaambiwa kwamba mkewe anahama, kapata chumba mjini.

Aliacha ubao umerandwa nusu, akaja kwangu kwanza. "Wewe mpangaji, ndiye uliyemtafutia?" Bila kungoja jibu, akageuka kwenda kitaluni, nami nikamfuata.

"Chumba umepata wapi?"

"Chumba gani, baba?"

"Unachokwenda kupanga!"

Mama Miche akaweka chini kopo la kumwagilia. "Napanga uzazi. Nitawekewa kijiti mkononi."

"Kijiti?" Seremala ni seremala tu. "Cha mti gani?"

Mkewe alicheka hadi akakaa chini katikati ya miche. Mume naye akacheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Kisha kikamkauka.

"Ningependa wa tano," akasema.

"Najua. Mimi sitaki. Safari ile niliona kaburi."

Seremala akachokonoa vumbi la mbao kwenye kucha. "Basi tumwambie mama ni kwa ajili ya kilima. Ardhi imekwisha. Miche ikibanana hudhoofu, hilo atalielewa."

"Usimwambie hivyo. Mche hauulizwi. Mimi nimejiuliza, nikajijibu. Kilima ningekipanda miti hata ningekuwa na watoto kumi."

Nimewasikia wasomi wakijadili wingi wa watu duniani kwa ndimi nyingi. Sikumbuki aliyewahi kuyatenganisha mambo haya mawili kwa usafi kama yeye, matope yakiwa viwikoni.

Kesho yake seremala alifunga karakana, akamsindikiza zahanati. Waliporudi, bibi alikuwa kizingitini.

"Mmetoka wapi?"

"Kupanga uzazi, mama," akajibu seremala kabla mkewe hajafumbua mdomo. "Amechagua yeye, nami nimekubali."

Bibi akautazama mkono wenye bandeji, akasonya kwa nguvu, akaingia ndani. Jioni, Mama Miche alipoinama kujitwika tenga la miche, tenga likanyakuliwa.

"Mkono huo utabebaje? Lete hapa!"

Bibi akatangulia kilimani, mgongo umepinda, akinung'unika ili wote tusikie: "Kazi hii angeifanya wa tano!"

Nyuma yake mkwewe alipanda akitabasamu, kopo la maji katika mkono mzima.