Benchi la Karibu na Mlango

Tulikuwa wanne siku hiyo barazani kwangu, hapa karibu na Lumino: mimi, mjukuu wangu Nabwire, anayesomea kuchora majumba, mzee Owori wa Iyolwa, ambaye baba yake alichonga milango ya kanisa letu la zamani, na Ajambo, niliyekua naye na kuimba naye kwaya. Kanisa lenyewe lilishaanguka. Nabwire alikuwa akilijenga upya ndani ya kompyuta kwa maelezo yetu.

Mwanangu unayesoma haya, shule niliishia darasa la pili, lakini majina sisahau. Nilimtajia nani aliketi wapi: akina Taaka mbele, mama Nafula kwenye nguzo, Makokha kipofu karibu na ngoma. Nabwire akibonyeza, mabenchi yanatokea.

"Madirisha yalikuwa manne," Owori akabisha.

"Matano," nikamjibu. "Wewe ulikuwa unalala, utajuaje?"

"Nililala, ndiyo. Lakini chini ya dirisha."

Tukacheka. Nabwire akaniuliza mimi bibi yake, "Na hapa nyuma, Kukhu?"

"Hapo hapakuwa na kitu."

Ajambo alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Kulikuwa na benchi, karibu na mlango. Fupi, mguu mmoja mbovu. Mvua ikinyesha unalowa."

"La nani?"

Mwanangu, lilikuwa la wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Ajambo alilikalia mpaka mtoto wake akajua kutembea. Aliyemsema kwa katekista ni mimi. Siri aliniambia mimi kabla hata ya mama yake, nami nilitaka nafasi yake ya kuanzisha nyimbo. Nikaipata. Kila Jumapili niliimba nimempa mgongo.

Nilimweleza Nabwire hayo yote, Ajambo akisikia. Uso ulinichoma, macho sikujua niyapeleke wapi. Nikamwomba msamaha, umri huu.

"Nilijua," akasema, "tangu siku ile ulipoanzisha wimbo. Lichore, Nabwire. Na mguu wake mbovu."

Akanisogezea ungo. Tukachambua, sikuweza kumtazama.

Basi nakuambia: ukiulizwa habari za zamani, usitaje kiti chako tu. Taja na kile ulichomkalisha mwenzako. Na umwombe msamaha mapema, usingoje mjukuu akuulize. Mungu akupe kumbukumbu, akupe na moyo wa kuisema.

Na kama wewe ulikaa benchi hilo nikakusahau jina, au kama madirisha kweli yalikuwa manne, njoo unisahihishe. Nipo.