Msumeno Mwepesi wa Baba

Baba alikubali tununue msumeno mdogo wa injini kwa sharti moja: mtu yeyote akiuliza, tuseme ni wangu.

Alilisema hilo nje ya duka la vifaa vya shamba mjini Kitale, bila kunitazama, huku akikwangua matope ya gambuti zake kwenye ukingo wa saruji. Nilikubali. Ningekubali hata masharti magumu kuliko hayo. Tangu bega lake la kushoto litenguke akiwa anapasua mbao kwenye mteremko wa Mlima Elgon, sikuwa nimemwona akiinua ule msumeno wake mkubwa bila kuuma meno. Daktari alimwambia aachane nao. Mzee mmoja anayekanda mifupa kule Kimilili akamwambia bega limepona. Baba akachagua jibu lililomfurahisha. Mimi nilikuwa na mashaka na wote wawili, kwa hiyo nikaanza kumfuata kila alikokwenda kukata miti.

Huku kwetu msumeno hausifiwi kwa kazi unayofanya kila siku. Unasifiwa kwa mbao. Fundi hulaza gogo chini, akapiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye oili chafu, kisha akalipasua kutoka mwanzo hadi mwisho akitegemea macho na mikono yake tu. Kazi hiyo inahitaji injini yenye nguvu na baa ndefu, yaani kile chuma ambacho cheni huzungukia. Kwa hiyo kila mtu hununua msumeno wa kupasulia mbao, kisha anautumia huo huo kukatia matawi membamba kama mkono wa mtoto. Niliwahi kumuuliza baba kama hilo lina maana yoyote. Akasema msumeno usioweza kupasua mbao ni wa kunyolea ua.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu. Aliyapuuza maswali yangu, akashusha kutoka rafuni msumeno mkubwa kuliko yote.

"Mzee, hii ndiyo saizi yako."

Nilimuuliza una uzito gani tangi likijaa petroli. Akasema si mzito sana. Nilimuuliza hiyo "sana" ni kilo ngapi. Akacheka na kumgeukia baba.

"Huyu wako ni wakili?"

"Angekuwa wakili ningekula vizuri," baba akasema. "Huyu alisomea kuuliza."

Niliendelea kuuliza. Niliuliza breki ya cheni inashika vipi, nikamfanya anionyeshe. Niliuliza cheni za akiba zinapatikana Bungoma au ni lazima mtu arudi kwake. Niliuliza kwa nini ule mdogo, wenye baa fupi kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, ameuficha nyuma ya madebe ya rangi ilhali ndio unaofaa matawi na kuni. Alisema hakuna mzee anayeuulizia. Hilo nililiamini.

Kisha nikamwomba baba ashike ule mkubwa mbele ya kifua, kwa mikono miwili, kama mtu aliye kazini, na asiushushe mpaka nimwambie.

Alijua ninachotafuta. Aliushika. Kulikuwa na mama aliyekuwa akichagua mbegu za mahindi, naye akaacha kuchagua. Baba alitazama ukutani moja kwa moja. Bega lilianza kutikisika, kidogo, halafu ncha ya baa nayo ikatikisika.

"Umeona ulichotaka kuona?" baba aliniuliza kwa Kikikuyu, kwa sauti ya chini.

Niliupokea ule mkubwa. Nilimpa ule mdogo. Ulitulia mikononi mwake. Baadaye akautoa mkono wa kushoto, akaushika msumeno kwa mkono wa kulia peke yake, akaupitisha hewani huku na huku.

"Huu ni kama panga," akasema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu asubuhi hiyo. Nilidhani nimeshinda.

Kutoka dukani tulikwenda moja kwa moja kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa karibu na Misikhu. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umeangushwa na upepo nyuma ya jiko lake, na Jumamosi wangekuja wageni wa kumposa binti yake. Alihitaji kuni za kupikia watu wengi. Baba alikuwa amebeba misumeno miwili, huu mpya na ule wake mkubwa aliotoka nao nyumbani. Alisema hawezi kufika kwa mashemeji na ule mdogo tu.

Mashemeji wenyewe, kaka wawili wa mume wa shangazi, walikuwa wamekwisha kuweka viti penye kivuli. Mmoja aliuona msumeno mdogo na hakuweza kujizuia.

"Shemeji, na hiyo ni ya kunyoa nani?"

"Ni ya mami," baba akasema. Mami ni mimi; nina jina la mama yake.

Alianza na ule mkubwa. Alikata shina mara mbili ili waone, kisha akauweka chini polepole na kusema tumalize matawi kwanza. Alipowasha ule mdogo nilishusha pumzi. Nikabeba mzigo wa matawi makavu hadi jikoni, nikauweka, nikageuka.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika tawi. Msumeno ulikuwa katika mkono wa kulia peke yake, unanguruma, na cheni ilikuwa inakula mti karibu kabisa na vidole vyake.

Nilielewa mara moja. Hivyo ndivyo kila mtu huku anavyokata kuni tangu utotoni: kushoto kunashika tawi, kulia kunashika panga. Ule msumeno mkubwa haukuwahi kumruhusu, kwa kuwa ulidai mikono yote miwili. Uzito nilioupiga vita kwa miezi ndio uliokuwa ukivilinda vidole vyake.

Sikuweza kupiga kelele; angeshtuka. Sikuweza kumwendea kwa nyuma. Nililazimika kuzunguka mti mzima, nikivuka matawi, ili nitokee mbele yake, anione kabla sijafika. Nilipokuwa katikati ya safari hiyo tawi lilibana cheni, ncha ya msumeno ikaruka juu na kuelekea kwake, ikashuka. Aliachilia tawi, akashika lingine.

"Sasa anapogoa kama kahawa," shemeji mmoja akasema, akimsifu.

Nilisimama mbele yake na kuinua viganja vyote viwili. Cheni ikasimama.

"Nini tena?"

"Baba, mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

Aliutazama. Ulikuwa bado umeshika tawi.

"Unashika. Ama ulitaka nani ashike?"

"Mimi."

"Wacha msichana akae kando, bana, atakatwa," shemeji wa pili alisema kutoka kivulini.

Baba alizima injini. Niliona macho yake yakienda kwenye ule mkubwa, na nikajiandaa kugombana naye mbele ya watu. Lakini macho hayakufika huko. Yalisimama kwenye mkono wa kushoto wa shati lake. Kitambaa kilikuwa kimechanika kutoka kwenye kifungo hadi karibu na kiwiko, na ndani yake ngozi ilikuwa nzima. Tuliona kwa wakati mmoja. Aliwapa mashemeji mgongo, akaukunja ule mkono wa shati mara mbili, tatu, mpaka mpasuko ukapotea.

"Simama kule mwisho," aliniambia. "Kanyaga kwa mguu, usishike kwa mkono. Nikikuambia toka, toka, usiniulize kwa nini."

Akavuta kamba. Akaushika msumeno kwa mikono yote miwili.

Tulikuwa tumefika nusu ya mti shangazi alipoleta chai. Aliuliza mbona kaka yake amekunja mkono mmoja tu wa shati, na mawingu yote haya. Baba akasema amesikia joto. Nilikuwa bado nimekanyaga tawi, nikaendelea kulikanyaga.