Asumini za Bombay

Nimerudi kutoka Bombay leo, na nilipofungua mkoba, harufu ya asumini ikanirudisha kizingitini mwa nyumba yetu ya Changamwe.

Siku moja nilipokuwa mtoto, baba aliingia na begi lake na shada la asumini, maua yake meupe pe, akasema ametoka Bombay. Mama hakulipokea. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimshuku kwamba ameoa mke mwingine Likoni.

"Kutoka Bombay ni zaidi ya wiki," alisema. "Wewe waniletea maua ya leo?"

"Hiyo ni kwa meli. Mimi nimepanda ndege. Wallahi, haya niliyanunua alfajiri."

"Na ndege hiyo yatua Likoni?"

Baba alicheka peke yake. Mama akavaa buibui, akanishika mkono, tukaenda kwa jirani aliyekuwa akipakua mizigo kiwanja cha ndege. Jirani akasema kweli, hata ukibadilisha ndege Nairobi, ni safari ya kutwa moja tu. Mama alihesabu saa kwa vidole, mara mbili. Tuliporudi alivaa maua yale kichwani, na jioni akapita nayo kila baraza ya mtaa.

Maua yangu niliyanunua nikielekea uwanja wa ndege, na ndege za siku hizi zina kasi zaidi. Lakini yamefika yamegeuka rangi ya chai.

Mama, mzee sasa, ameniuliza kutoka chumbani kwake nimemletea nini. Nikamwambia nilikuwa na asumini, ila watu wa forodha wamezichukua.



"Baba yako hawakumchukulia," akasema.